Transhe ya Tatu

Shida yangu ilianza mwaka wa 1979, niko na miaka kumi na tatu. Mwaka ule njo nilijua neno transhe, maana transhe ilikula baba yangu.

Baba alikuwa kantonie, mutu wa kutunza barabara, kwenye kipande cha njia inayotoka Kabambare kwenda Kasongo. Alikata majani, alifukia mashimo, na zaidi ya yote alifungua transhe pembeni ya barabara ili maji ya mvua yapate pa kupita. Kuna wanaosema mutaro. Serikali ilisema transhe, basi na sisi tukasema transhe. Pale barabara inapokata kilima, transhe inakwenda chini sana, na udongo mwekundu unasimama juu ya kichwa chako kama ukuta wa nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha muda murefu. Baba aliingia asubuhi kuondoa matope, na ukuta ukashuka. Walipomutoa alikuwa na udongo mu kinywa na mu masikio. Nilisimama pale nikaona vyote. Hakuna mukubwa aliyekumbuka kunifukuza.

Masomo yangu yaliishia hapo, darasa la ine. Kusoma najua, na kuandika naandika hivi munavyoona. Anayetaka kucheka acheke, lakini asome kwanza.

Mama alikuwa binti wa Waislamu wa Kasongo, watu wa duka tangu mababu. Baba alikuwa Mubangubangu wa Kabambare, mutu wa misa. Baba alipokufa mama alirudi kwao na miye nyuma yake, nikaanza kuswali kwa mujomba, na mpaka leo ninaswali. Mujomba aliuza chumvi na sabuni. Alinipa chakula, sikatai, lakini kila sahani ilikuja na neno lake. Siku serikali iliporuhusu watu wa kawaida kuchimba dhahabu, nilifunga nguo zangu na kwenda upande wa Lusangi kwa miguu. Sikumuaga. Naye hakunitafuta.

Kule nikakutana tena na lile neno. Kabla ya kuteremuka shimoni, wachimbaji wanakata transhe, yaani ufa murefu unaonyooka ubavuni mwa kilima, kwanza unafika kiunoni, halafu kifuani, halafu unapita kichwa, mpaka ukutane na mustari wa mawe yanayobeba dhahabu. Wanaoogopa shimo wanapenda transhe, kwa sababu juu unaona mbingu. Miye niliogopa transhe kuliko shimo. Siku ya kwanza nilitapika. Siku ya pili nilitapika tena, halafu nikaingia, kwa sababu njaa haikuniuliza kama baba yangu alikufa wapi. Woga haukuondoka hata siku moja. Nilichimba nao miaka na miaka, natazama ukuta kila mara ninapopiga pioshi, ile sururu yetu, nasikiliza kama kuna chembe ya udongo inayoanguka. Labda kwa sababu hiyo transhe zangu hazikuangukia mutu. Wenye mashimo walinitafuta. Ukifika Lusangi au ukifika Kabambare ukauliza mutu wa transhe, walikuonyesha nyumba yangu. Jina hilo nililipenda, na sioni haya kulipenda. Sikupewa na baba wala na mujomba.

Neno lenyewe liliendelea kuzaa. Mutu akijenga nyumba ya matofali, kwanza anachimba transhe ya fondasio, na mara nyingi aliniita miye. Mutu akifa Kasongo, wakinikuta mujini, waliniita vilevile, maana kaburi nalo ni transhe fupi. Vita vilipokuja, wenye bunduki walichimba zao juu ya vilima, zinapinda kama nyoka, na walipoondoka mbuzi zetu zilianguka mule, mvua ikajaa, mbu wakazaliana. Sisi raia tukachimba zetu nyuma ya jiko, za kujificha risasi. Nilichimba ya kwetu vizuri sana, na ngazi ya udongo ya kuteremukia. Muke wangu aliitazama akaniambia: "Baba ya watoto, miye siingii mu kaburi ningali napumua." Mabomu yalipolia tulikimbilia poli kama wengine, na transhe yangu nzuri ikabaki na kuku.

Halafu kuna transhe ya masomo. Mutu aliyesoma Kifaransa atanifundisha kwamba hayo ni maneno mawili, moja ni kipande cha malipo, lingine ni shimo refu. Najua, nimefundishwa mara nyingi. Lakini mu kinywa chetu ni neno moja. Minervale, pesa ya masomo ya mutoto, inalipwa vipande vitatu kwa mwaka, na kila kipande tunakiita transhe. Tunachimba transhe, tunalipa transhe. Hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa, mpaka siku ninayoieleza hapa.

Binti yetu mukubwa alikuwa sekondari kwa masista Kasongo, mwaka wa ine. Alilala kwa watu wa mama yangu. Mutu wa pikipiki alituletea habari kutoka kwake: transhe ya tatu isipoingia kabla ya juma kuisha, watamutoa inje na mutihani atausikia kwa wenzake. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemutoa hivyohivyo. Muke wangu aliuza mbuzi aliyekuwa na mimba. Mimi niliuza chembe za dhahabu nilizoficha. Pesa muke wangu alizishona mwenyewe ndani ya kiuno cha suruali yangu ya kazi, ile yenye udongo mwekundu hata ukiifua mara kumi, kwa sababu wezi hawatazami suruali ya namna ile.

Nikaondoka na shemeki yangu, mudogo wa muke wangu, kijana mwenye mudomo. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye bido za mafuta ya mawese ya kuuza Kasongo. Juu ya bido nilifunga pioshi yangu iliyovunjika jino, nilitaka fundi wa chuma aipige upya. Njiani shemeki hakunyamaza.

"Shemeki, unaenda kuwalipa masista au kuwazika?"

Nilimwambia mbuzi za mahari alizokula kwangu zingali zinambwekea tumboni, asukume baiskeli. Alisema mbuzi hazibweki. Nilimwambia zile zilibweka, alikula vibaya.

Tulicheka. Nakumbuka vizuri tulicheka, kwa sababu gurudumu lilipasuka katikati ya kicheko. Alipogeuza baiskeli kuitengeneza, nilitoa pioshi juu ya bido nikaiweka begani, nikamwambia nitatangulia polepole. Hivyo njo nilifika mbele ya bariera peke yangu: muzee mwenye suruali ya udongo na pioshi begani.

Bariera ile haikuwepo juma lililopita. Ilikuwa mianzi miwili juu ya mapipa. Sitaandika ni kundi gani. Siku zile barabara ile iligeuka mikono kama kiti cha kinyozi, huyu anaondoka, mwingine anakaa. Tulikuwa tumesikia tu kwamba hawa wanaogopa adui yao atatokea upande wa Kasongo. Kaporali mumoja alikaa juu ya kreti, anakula muwa, bunduki mapajani. Alikuwa na macho ya mutu asiyelala.

"Muzee, unaenda wapi?"

"Kasongo."

"Kufanya nini?"

"Kumaliza transhe."

Aliacha kutafuna. "Transhe gani?"

"Ya tatu. Mbili za kwanza nilishamaliza."

Alitazama pioshi. Macho yake yakashuka mpaka kwenye suruali. "Nani amekutuma?"

"Masista."

"Masista wanataka transhe?"

"Wanazitaka sana. Bila transhe hawabakizi mutu ndani, wanawatoa wote inje."

Akamuita mwenzake kwa mukono, bila kuniacha kwa macho. Akauliza kama ninafanya peke yangu. Nilimwambia tuko wengi, kila mutu na ya kwake. Akauliza kwa nini nina haraka. Nilimwambia juma hili likiisha na transhe haijaisha, itakuwa mambo mabaya. Mwenzake akasema kwa sauti ndogo, lakini nilisikia: "Juma hili."

Kaporali akasimama. "Na wewe ni nani hata wakuamini na transhe?"

Hapo njo niliharibu kabisa, kwa sababu aliniuliza kama mutu anayemuuliza mutoto. Nilinyoosha mugongo. Nilimwambia: "Uliza mutu yeyote kutoka hapa mpaka Lusangi, mutu wa transhe ni nani. Watakuonyesha nyumba yangu."

Walinifunga mikono nyuma na kamba ya nailoni.

Niseme ukweli, sikuelewa. Nilifikiri wamenusa pesa. Nilifikiri wanataka kunitoa barabarani wanipekue kimyakimya. Kwa hiyo nilifanya lile ambalo ningeona ni akili siku nyingine yoyote: nilifunga mudomo. Nikikubali kusema neno minervale, watauliza minervale iko wapi, nayo iko kiunoni. Kila walichouliza kuanzia hapo, nilijibu sijui. Mutu aliyejisifu sasa hivi, na sasa hajui kitu. Ukiwa wewe njo kaporali, ungefikiri nini?

Shemeki alifika na baiskeli yake. Nilimuona anatoka kwenye kona anapiga mulunzi, na mulunzi ukakatika.

Kaporali alimuuliza: "Huyu unamujua?"

Shemeki alinitazama kama unavyotazama kisiki cha muti. "Hapana, afande. Miye niko mutu wa mafuta."

Walichukua bido moja wakamuacha apite. Aliinamisha kichwa akasukuma, akaenda upande wa Kasongo bila kugeuka. Maneno niliyomuambia mu roho wakati ule sitayaandika, dada yake bado ni muke wangu. Sikujua kwamba akishapita kona atatupa baiskeli poli na kukata njia ya mashamba kurudi nyumbani, anakimbia.

Kambi yao ilikuwa juu ya kilima, mu masomo, nyumba ya shule iliyoachwa na watoto. Ubao mweusi ulikuwa bado ukutani, na hesabu za kujumulisha zimeandikwa juu yake. Komanda wao alikaa kwenye meza ya mwalimu. Alikuwa mutu wa mbali, Kiswahili chake kilichanganyika na Lingala. Hakupiga kelele. Kaporali alimueleza yote: transhe tatu Kasongo, wengi wanachimba, masista wako ndani, juma hili njo mwisho. Nilisikiliza, na hapo, nikiwa nimesimama chini ya ubao wa watoto, njo nikaelewa neno lilikokwenda. Nikafungua kinywa kueleza, nikaona mwenyewe jinsi itakavyosikika. Mutu aliyefungwa, aliyekamatwa na pioshi, anasema kumbe alikuwa anazungumuza juu ya masomo. Hata miye nisingeamini.

Nilisema hivyohivyo. "Komanda, ni transhe ya mutoto."

Kaporali akacheka. "Ya mutoto. Basi ni fupi."

Komanda hakucheka. Akamuambia kaporali: "Anajua kuchimba. Achimbe."

Walinipeleka nyuma ya nyumba, mahali majani yalikuwa marefu. Kaporali alipima kwa hatua, akachora ardhi kwa kijiti: urefu wa mutu, upana wa mabega. Nimechora mustari ule mara nyingi kwa ajili ya wengine, siwezi kukosea kuujua. Akanifungua mikono, akanipa pioshi yangu mwenyewe, ile yenye jino lililovunjika, na beshi ya kutolea udongo.

"Ifike kifuani."

Nilichimba. Watu wananiuliza kwa nini nilichimba, kwa nini sikumupiga na ile pioshi. Wanaouliza ni wale waliokuwa nyumbani. Mutu akiambiwa achimbe kaburi lake, anachimba, na anachimba vizuri, kwa sababu wakati anachimba hawajamupiga risasi. Mizizi nilikata mumoja mumoja. Udongo mweusi niliweka upande wangu wa kushoto na mwekundu upande wa kulia, kama kwamba kuna mutu atakuja kuurudisha kwa utaratibu. Beshi iligonga kifundo cha muguu wangu, na sikusikia uchungu mpaka kesho yake.

Nilipofika magotini nikaona kwamba mustari wa kaporali haukutazama kibla. Kaporali atajulia wapi. Mutu wetu analazwa kwa ubavu wa kuume, uso kwenye kibla, na katika kaburi lile ningelala kama muzigo uliotupwa. Nikaanza kupindisha. Nilikula upande mumoja kidogo, nikaacha upande wa pili, polepole, mpaka shimo likageuka.

Kaporali aliona. "Kwa nini unapinda?"

"Jiwe."

"Jiwe iko wapi?"

"Chini."

Alichungulia, hakuona jiwe, akarudi kwenye muwa wake. Nilimushukuru Mungu kwa uvivu wa yule kijana.

Udongo ulipofika kiunoni, kaporali alikuja na mwenzake. Wakasimama ukingoni, na chembe za udongo zikaanguka juu ya mabega yangu. Akaniambia: "Lala ndani, tuone."

Nilimuuliza nilale namna gani. Akasema namna watu wanavyolala.

Nililala kwa ubavu wa kuume. Harufu ya udongo mubichi iliingia puani, nikajua baba alisikia nini mwisho. Ukuta ulikuwa karibu na mudomo wangu. Nilipiga shahada ndani ya moyo, nikairudia, nikaisahau katikati, nikaanza upya. Nilijikojolea. Naandika kwa sababu ilikuwa hivyo, na mwanaume anayejiona zaidi yangu aende alale mule. Nilingoja chuma kilie. Nilisikia kaporali anatema kapi la muwa.

"Inatosha kwa urefu," alisema. "Toka. Ongeza chini."

Nikasimama. Nikafikiri, wanataka chini zaidi ili mbwa wasinifukue. Nikachimba tena.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande mumoja niliposikia sauti ya muke wangu. Nilikuwa nimefika kifuani, kichwa changu tu njo kilikuwa inje. Alikuja na kuku mukononi, amejifunga kitambaa cha sikukuu, anatembea kwenye uwanja wa masomo kama mwanamuke aliyechelewa soko. Watu wawili wenye bunduki walikuwa nyuma yake, wanamukimbilia. Komanda alitoka mulangoni. Muke wangu aliweka kuku chini, amefungwa miguu, akapiga magoti kidogo kwa heshima, akasimama.

Hakujua kitu. Shemeki alimuambia tu kwamba nimefungwa, hakujua kwa nini. Nilitaka kupiga kelele asiseme neno, lakini komanda alinitangulia.

Komanda alimuambia: "Mama, bwana yako anachimba transhe Kasongo. Unajua habari hiyo?"

Kwa nini alisikia "analipa" pale komanda aliposema "anachimba", sijui. Nadhani alisikia transhe na Kasongo, mengine hakuyahitaji.

"Ninajua," alisema. "Miye njo ninamusukuma kila siku. Bila miye hata ya kwanza asingeimaliza."

Nilifumba macho.

"Kumbe na wewe umo."

"Nimo vizuri. Mutoto ni wetu sisi wawili."

"Mutoto gani?"

"Huyu wa masista. Mwaka jana walimufukuza juu ya transhe, akakaa nyumbani anatwanga majani ya sombe na wenzake wanaandika mutihani. Mwaka huu nimeuza mbuzi yenye mimba. Komanda, wewe ni muzazi. Umeona wapi masista wanasamehe?"

Kuku alipiga mabawa mavumbini.

Komanda akasema: "Minervale?"

"Minervale, transhe, uite unavyotaka. Wao wanataka yao."

Komanda akageuka akamutazama kaporali. Kaporali akatazama muwa. Halafu komanda akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na wenzake wote wakacheka kwa sababu yeye amecheka, na kaporali akacheka kuliko wote. Miye sikucheka. Kicheko cha mwenye bunduki nakijua, kinaweza kuisha vibaya zaidi kuliko hasira. Muke wangu alikuwa anatazama huku na huku, anatafuta nini kinachekesha, na hapo njo akaona kichwa changu juu ya ardhi. Uso wake ulianguka. Hakulia. Alishika kitambaa chake kwa mikono miwili.

Komanda alipopangusa macho, aliuliza kwa sauti ya kawaida: "Na hiyo transhe iko wapi?"

Alikuwa anauliza pesa. Muke wangu alinitazama, nami nikaona anapima, binti upande huu, miye upande ule, na sikutaka apime kitu kile peke yake. Nilipasua kiuno cha suruali mwenyewe, mule shimoni, nikainua mukono. Kaporali alichukua akampa mukubwa wake. Komanda alizikunja bila kuzihesabu. Alisema yeye naye ana mutoto kwenye masomo, ku mbali, na transhe ya yule ingali mbichi, haijalipwa. Labda ilikuwa kweli. Sijali.

Halafu akaniambia: "Muzee, maliza choo, uende."

Nilimuuliza choo gani. Aliona swali langu halina akili. Akaonyesha shimo nililosimama ndani.

Choo. Siku nzima nilikuwa nachimba choo cha askari, na nililala ndani yake nikipiga shahada, kwa sababu kaporali alitaka kujua kama watu wawili watachuchumaa bila kugongana. Sijui kama alijua nilichokuwa nafikiri. Nadhani alijua. Nadhani ulikuwa muchezo wa kumufukuzia usingizi.

Na hapo woga mwingine ukaja, wa kijinga, lakini ulikuja: choo nilikuwa nimekigeuza kibla. Kila Mwislamu anajua kwamba mutu hachuchumai kwa kuelekea kule wala kwa kugeuzia mugongo. Nikikiacha hivyo, dhambi ya kambi nzima ni yangu. Kwa hiyo nilishika beshi tena, nikaanza kula ule upande niliouacha na kufukia ule niliokula, mpaka shimo likarudi kwenye mustari wa kijiti.

Kaporali alisimama juu yangu. "Jiwe limehama, muzee?"

"Limehama."

Waliniacha. Pioshi walibakiza, na beshi ilikuwa ya kwao. Kuku walibakiza.

Kutoka nyuma ya yale masomo mpaka chini kwenye barabara kuna muteremuko mweupe, hauna muti wala kichaka. Mutu akiwa juu anakuona mpaka unafika. Nilimwambia muke wangu atangulie. Alikataa. Nilimuambia tena, akasema tembea. Akakaa nyuma yangu, karibu sana, vidole vyake vya miguu vinagonga visigino vyangu. Nilitaka kugeuka nimupitishe kwa nguvu, akaniambia kwa sauti ya kunong'ona: "Usigeuke, baba ya watoto. Wakiona unageuka watajiuliza." Tulishuka hivyo. Nilihisi pumzi yake mugongoni, pale hasa ambapo nilikuwa nangoja risasi. Nilielewa kwa nini amekaa pale, naye alijua kwamba nimeelewa, na hatujalizungumuza mpaka leo. Sio kila kitu kinasemwa kati ya mutu na muke wake.

Binti alitolewa inje juma lile. Alipoteza mwaka. Aliurudia, akamaliza, na leo ni mwalimu, analipia watoto wake mwenyewe. Akinipigia simu akasema baba, transhe ya pili inanisumbua, mukono wangu unaanza jasho. Nimemuomba aseme minervale. Anasema ndiyo baba, na simu inayofuata amesahau.

Lusangi sikurudi kuchimba. Niliaga hata lile jina. Nilianza na mafuta ya mawese pamoja na shemeki, halafu chumvi, halafu mabati. Mwaka juzi vijana walikuja kuchimba mbele ya duka langu ili wapitishe bomba la maji, wakaniuliza kama nina shauri, maana walisikia nilikuwa fundi. Niliwaambia waendelee. Nilifunga duka nikaenda kukaa musikitini mpaka walipofukia. Niko muzee, nina haki ya kuogopa ninachotaka.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba moja Kasongo, ya matofali ya kuchoma, mabati mapya, milango miwili, mumoja mbele na mumoja nyuma. Duka moja la mabati, misumari na chumvi. Shamba la mihogo njia ya Nyangwe, na miti ya mawese juu yake. Pikipiki moja inayobeba watu. Mbuzi, sihesabu mbele ya watu. Musala mbili, moja ya kila siku na moja ya Ijumaa. Kitanda cha mbao ngumu. Muke yuleyule.